Mpangaji wa Mahali Patupu

Kila kitu duniani kinabanika, ndivyo alivyopenda kusema Kheri wa Ukunda, na waliomjua walimaliza wenyewe: isipokuwa mdomo wako. Mdomo huo ulimtoa shule akiwa kidato cha pili, ukamtoa kazi ya kuosha sahani katika hoteli moja ya Diani, na mwisho ukamfungulia kibanda cha gemu nyuma ya soko, mahali ambapo hapakuwa na bosi wa kujibizana naye. Kwa hiyo siku faili moja la kompyuta lilipokataa kubanwa liwe dogo, Kheri alilichukulia kama tusi.

Lilikuwa faili la gemu ya zamani, mbio za ngamia jangwani, ya enzi zile gemu zilipokuwa zikikaa kwenye diski. Na diski za enzi hizo zilikuwa na nafasi kuliko gemu zenyewe. Gemu iliwekwa pembeni kidogo, sehemu iliyobaki ikajazwa hewa: sifuri baada ya sifuri mpaka ukingoni. Diski nzima ni megabaiti mia saba; ngamia na jangwa lao ni kama themanini tu. Ukiiambia kompyuta ibane, haihangaiki kuzibeba sifuri zote hizo. Inaandika tu kwamba hapa pana sifuri kadha wa kadha, inakunja mkeka, inaondoka. Mwenzako akifungua huko aliko, sifuri zote zinarudi mahali pake, hata moja haipotei.

Kheri alijua mambo haya kuliko alivyojua Tahiyatu, Mungu amsamehe. Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, Makumbusho ya Sultani, Sultani akiwa ni yeye, na humo watu kutoka Vanga hadi Malindi walichukua gemu za utotoni mwao kwa bando za kupimia. Kuchagua muundo wa kubania ndiko kulikompa ujeuri. Zip ni ya kila mtu, alisema, hata simu ya bibi yako inaifungua. Rar ni ya kukata mafungu, kwa wale wanaopakua kidogo leo na kidogo kesho. Seven zip inabana kuliko zote, lakini simu ya bei rahisi itatoka jasho. Aliwachagulia watu miundo kama mama mkwe anavyochagua leso, kwa madaha na maneno mengi.

Ngamia aliwatia kwenye zip. Wakatoka mia saba. Akawatia kwenye rar. Mia saba. Akaweka seven zip tangu asubuhi, feni ya laptopu ikahema kama mtu aliyebeba gunia la nazi, na ilipomaliza faili lilikuwa mia saba na moja. Lilikuwa limenenepa.

Akalifungua kwa ile programu inayoonyesha namba tupu za ndani. Pale palipotakiwa kuwa na sifuri palikuwa na namba nyingine, nyingi, mbichi, zisizojirudia hata mara moja kutoka juu mpaka chini. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Angejiuliza: kama mahali patupu hapakunjiki, basi hapo pana nani? Lakini Kheri hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kujibu.

Na ingefaa ajiulize, maana diski hiyo hakuipata kwa njia ya halali. Ilikuwa ya Bi Shutu wa Msambweni, mama mzee ambaye mwanawe Jaafar alikwenda kufanya kazi Uarabuni akaacha sanduku zima la gemu. Kheri alikwenda, akatoa shikamoo yake tamu, akanywa chai, akapewa sanduku bure. Ila diski moja ilikuwa kando juu ya kabati, imeviringishwa vitambaa vitatu, cheupe, chekundu na cheusi. Hiyo niachie, mwanangu, alisema Bi Shutu, hiyo si ya kuchezwa. Mama mzee alipokwenda jikoni kuchukua mahamri, Kheri alifunua kidogo, akaona picha ya ngamia, moyo ukamruka. Gemu hiyo hakuna aliyekuwa nayo pwani nzima. Mfukoni alikuwa na diski ya video ya harusi ya dada yake Mwanarusi, aliyokuwa akiipeleka kunakiliwa. Akabadilisha. Bi Shutu aliporudi na mahamri, vitambaa vilikuwa vimefungwa vizuri, na ndani yake alilala Mwanarusi na bwana harusi wake.

Kheri alipokwisha kuinakili diski kwenye laptopu, aliitundika kwa uzi katika shamba la mahindi la mama yake ifukuze ndege, kama zinavyotundikwa diski zote zilizokwisha kazi. Na kabla hajaanza kubana, alimtilia rafiki yake Nzai wa Lunga Lunga faili zima kwenye flashi, kwa sababu Nzai, muuza simu za mkono wa pili pale mpakani, hakutaka vitu vya kubanwa. Alisema suti yake ya mtumba ilibanwa kwenye robota tangu Ulaya na mikunjo haijatoka hadi leo.

Basi, zip imekataa, rar imekataa, seven zip imeongeza. Ilibaki njia moja, ambayo watu wa kazi hiyo huiita kukwangua. Hiyo haikunji. Hiyo inatazama gemu inatumia wapi, na pote pengine inapakwangua na kupatupa, kama ukoko wa sufuria. Faili linatoka dogo, gemu inachezeka, lakini kilichotupwa hakirudi tena. Kheri mwenyewe alikuwa amewaandikia watu wa ukurasa wake kwamba wanaokwangua ni wavivu. Siku hiyo akakwangua.

Faili likashuka hadi sabini na nane. Akacheka peke yake, akalipandisha mtandaoni na majigambo juu yake, akafuta lile kubwa ili apate nafasi. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama wima, saa ambayo bibi zetu hutukataza kupita penye mahame. Alipobonyeza kufuta, chupa tupu za soda zilizokuwa kwenye kreti mlangoni pa kibanda zilipiga mluzi mara moja, zote pamoja, kama kuna aliyepita akipuliza midomo yake juu ya kila moja. Wateja wakacheka. Kisha ikaja harufu ya udi, na chini yake harufu ya plastiki inayoungua.

Tangu siku hiyo kiti cha tatu pale kibandani kikawa hakikaliki. Ukikigusa kilikuwa na joto, joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Pedi ya kuchezea iliyokuwa mbele yake ilibonyea yenyewe, ngamia wa pili akatembea kwenye kioo, hakimbii kama wengine, anatembea tu, anakwenda ukutani, anagusa, anageuka, anakwenda ukuta mwingine. Mhudumu mmoja wa hoteli, kijana wa bara, aliweka pedi yake chini taratibu. Manze, akasema, hii kitu iko na mtu. Hakurudi tena, na wengine wakamfuata. Kheri alitangaza kwamba nyaya zimeingia chumvi.

Nyumbani, Warda mkewe alikuwa na lake. Alikuwa mwanamke mkimya, labda kwa sababu nyumba ile ilikuwa na maneno ya kutosha. Masika yaliyopita alipoteza mimba iliyokuwa imeshaanza kucheza, na tangu hapo ukimya wake ulikuwa umeongezeka kina. Jioni moja alikuwa ananyanyua sufuria iliyooshwa kuiweka jikoni, akasimama nayo mikononi.

"Kheri," alisema kwa sauti ya chini, "hii sufuria imejaa."

"Imejaa nini?"

"Sijui. Haina kitu."

Kheri aliipokea, mkono ukashuka. Ilikuwa nzito kama yenye wali wa watu kumi. Akaitazama ndani, akaona chini yake inang'aa. Akasema ni uchovu.

Warda hakubishana. Kesho yake alianza kujaza. Kila dumu tupu alilitia maji, kila chupa aliitia mchanga, makapu akayasokomeza nguo, viatu akavichomeka makaratasi, mitungi akaipindua kifudifudi na kuiwekea jiwe juu. Hakujua anapigana na nani, lakini alikuwa amefahamu kitu ambacho mumewe, na ujuzi wake wote, alikuwa hajakifahamu: kilichoingia kilikuwa kinatafuta pa kukaa. Alifunga mdomo kwa mtandio alipolala. Mpaka asubuhi moja akanyanyua kikombe kikawa chepesi, akanyanyua sufuria ikawa nyepesi, na harufu ya udi ikawa haipo.

"Nilikwambia ni uchovu," alisema Kheri.

Warda alikuwa amekaa kwenye kitanda, mikono yake miwili imelala juu ya tumbo.

Tumbo likaja upesi. Kheri, mnamjua, alitangaza kabla hata hajauliza. Soko zima likapata habari, msikitini wakapata habari, Makumbusho ya Sultani wakapata habari kwamba mrithi wa kiti yuko njiani. Warda alimwacha aseme. Usiku alipomwegemea, akamwambia kwamba hajatapika, na hana hamu ya kitu, na tumbo la umri ule halikui namna ile, na kikubwa kuliko yote, hakuna kinachocheza. Kheri akasema mtoto wa Sultani hana haraka.

Walikwenda kupigwa picha ya tumbo katika zahanati moja iliyo njia ya Diani. Dada wa mashine alipaka mafuta, akaweka kile kifaa, akawa anazungumza nao habari za joto, halafu akaacha kuzungumza. Akasogeza kifaa kushoto, akasogeza kulia, akabonyeza kwa nguvu kidogo, na Kheri akainama atazame kioo akitegemea kuona kichwa au mguu, akaona weusi, weusi mpana kuliko tumbo la mtu linavyoweza kuwa, na katikati ya weusi huo kuta, zimenyooka kama zilizopigwa rula, ukuta na ukuta na baina yake pengo la mlango, na ng'ambo ya mlango kuta nyingine, na ng'ambo yake nyingine, zikiendelea kwenda ndani mpaka kioo kikashindwa kuonyesha. Dada akazima mashine. Akasema imeharibika, watafute mahali pengine, na hakuwatazama usoni. Na Warda, amelala pale macho yakiwa darini, alikuwa anavumisha wimbo mdogo wa filimbi. Kheri aliujua. Ulikuwa wimbo unaopigwa wakati gemu ya ngamia inajipakia, na Warda hakuwahi hata siku moja kuingia kibandani kwake.

"Wimbo gani huo?" alimwuliza njiani.

"Wimbo gani?" alisema Warda.

Walipofika nyumbani alifunga mlango, akamkalisha mumewe kwenye mkeka.

"Kheri. Ulileta nini?"

Akamweleza. Sanduku, vitambaa, harusi, shamba la mahindi, kukwangua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimulia jambo bila kujisifu ndani yake, na likawa fupi. Warda alisikiliza mpaka mwisho.

"Umechukua kitu cha mtu kilichofungwa vitambaa vitatu," alisema polepole, "ukaweka harusi ya Mwanarusi. Na harusi yenyewe ilivunjika."

Kesho yake walikuwa Msambweni. Bi Shutu aliitikia marahaba, akatazama tumbo la Warda, akatazama uso wa Kheri, kisha akanyanyuka bila kuulizwa akashusha kile kifurushi cha vitambaa kabatini na kukifungua mapajani mwake. Alisema alishangaa. Kila Alhamisi amefukiza, na siku hizi moshi ukawa haupandi, unatambaa sakafuni kama unamtafuta mtu. Hakumtukana Kheri. Alimwambia tu ilivyokuwa.

Nyumba ya wazee wake ilikuwa na chumba kisichokaliwa. Ndivyo nyumba nyingi za zamani zilivyokuwa, chumba kimoja huachwa kitupu, kinafagiwa, kinafukizwa, hakilaliwi, kwa sababu kina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mzee kuliko nyumba, na hakuwa na ubaya kwa anayemwachia nafasi yake. Shamba lilipogawanywa na nyumba ikabidi ivunjwe, akaitwa Bi Jumwa, mganga wa Kombani, amhamishe. Bi Jumwa akataka kitu chenye mahali patupu. Mtungi ulikuwa mdogo, chupa ilikuwa dharau. Ndipo Jaafar, ambaye naye Mungu alimjalia mdomo, akasema yeye ana kitu chembamba kama mkate wa kusukuma na ndani yake mna vyumba elfu ambavyo hakuna anayelala.

"Akaingia," alisema Bi Shutu. "Akatulia. Hata mimi nikapata usingizi."

Bi Jumwa hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mama mnene mwenye meza ya nyanya pale sokoni Kombani, na aliwasikiliza huku akiwapimia wateja wake. Alipokwisha kupima alifuta mikono kwenye leso, akamwekea Warda kiganja tumboni, akakiondoa upesi kama aliyegusa chuma cha juani.

"Unamdhania ni mwizi?" alimwambia Kheri. "Si mwizi. Ni mpangaji. Ulimvunjia nyumba yeye yumo, akaingia ya kwanza aliyoikuta wazi."

Kheri akauliza kwa unyonge kama anaweza kutolewa.

"Anaweza kuhamishwa. Kutoa ni maneno ya wenye midomo." Akashusha sauti ili Warda asisikie, lakini Warda alisikia. "Kwa sasa anagusa kuta tu. Akizoea, atazipanua. Siku atakayotaka kutoka mwenyewe, atatoka na nyumba. Niletee vyumba vyake. Vile vile, visipungue."

Basi Kheri akaanza kuutafuta ule utupu alioutupa. Alikimbilia shambani kwa mama yake. Diski ilikuwa bado inazunguka kwenye uzi, lakini jua lilikuwa limebabua rangi yote ya fedha, ungeweza kuona mawingu kupitia kwake. Akaandika kwenye ukurasa wake akiomba yeyote aliye na faili zima. Wakamjibu kwa vicheko. Wote walikuwa na lile alilowapa yeye, lililokwanguliwa, na wengine wakamkumbusha alivyowaita watu wavivu.

Akampigia Nzai. Nzai alikuwa na habari njema. Alisema faili lipo, na kwa kuwa Kheri anaonekana ana haraka, amekwisha kulibana amtumie kwa simu.

Kheri alisimama katikati ya barabara. "Umelibana na nini, ndugu yangu?"

"Na hiki kilichokuwamo humu kwenye mashine."

"Kipi? Umelikwangua?"

"Sasa mimi nitajuaje? Limetoka dogo sana, kaka. Lilikuwa mia saba, sasa ni kama themanini."

"Lile lenyewe umelifuta?"

Kheri, aliyewafundisha pwani nzima tofauti ya muundo na muundo, alikaa barabarani kwenye vumbi na simu sikioni akisikiliza malori ya mpakani yakinguruma upande wa pili, akaelewa kwamba uhai wa mkewe uko kwenye herufi tatu za mwisho za jina la faili, na aliyeshika herufi hizo ni Nzai, ambaye hata bila jambo kubwa husahau alipoweka kofia.

"Sijalifuta," alisema Nzai mwishowe. "Lipo kwenye flashi. Na hili dogo limeandikwa zip."

Zip hurudisha kila kitu. Kheri alijua hivyo, angeweza kukuapia. Hata hivyo hakukubali litumwe. Alipanda pikipiki hadi Lunga Lunga akaichukua flashi kwa mkono wake, akaifunga kwenye leso ya Warda, na njia nzima ya kurudi aliishika ndani ya shati kama yai. Jambo moja tu lilimsumbua. Faili lilikuwa lile lile aliloshindwa kulibana yeye, herufi kwa herufi, ukubwa kwa ukubwa. Nzai, asiyejua chochote, alilibana mara ya kwanza likakubali.

"Kwa sababu hiyo ni nyumba haina mtu," alisema Bi Jumwa alipoelezwa. "Ulinakili vyumba. Mwenyewe ni mmoja. Nyumba zikiwa mbili, mtu analala moja."

Walifanya adhuhuri, nyumbani kwa Kheri, saa ile ile aliyomfukuza. Bi Jumwa alitandika vitambaa vitatu, akaweka laptopu juu yake, faili zima limefunguliwa, akarusha maji ya waridi kwa ncha za vidole, akatia udi kwenye chetezo, akachukua kayamba. Bi Shutu alikaa nyuma ya Warda akimshika mabega. Kheri alikaa mlangoni, kwa sababu aliambiwa akae mlangoni na asiseme neno mpaka aulizwe, na hilo la pili lilikuwa gumu kwake kuliko la kwanza.

Kayamba lilianza polepole, kama mchele unaopepetwa, na Bi Jumwa akaimba kwa sauti isiyotaka kumwamsha mtu, akimtaja mwenyewe kwa heshima, akimwambia njia imefagiwa, akimwambia mlango uko wazi, na moshi wa udi ukatoka kwenye chetezo ukashuka sakafuni ukatambaa mpaka kwenye magoti ya Warda ukasimama hapo, na feni ya laptopu, ambayo haikuwa na kazi yoyote ya kufanya, ikaanza kuzunguka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kisha kwa mlio ule wa mtu aliyebeba gunia, na Warda akainamisha kichwa, na tumbo lake chini ya kanga likaanza kwenda, si kwa kucheza kama mtoto anavyocheza bali pembe kwa pembe, kona ikitokeza upande huu na nyingine upande ule, kana kwamba ndani humo mtu anageuza kabati lipite mlangoni, na alipoinua uso macho yake yalikuwa yale yale, mdomo ule ule, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee mstaarabu aliyechelewa kukaribishwa.

"Asalaam aleikum."

Bi Jumwa na Bi Shutu wakaitikia.

"Nani aliyenivunjia?"

Bi Jumwa alimtazama Kheri, akamwashiria kwa kidevu.

"Mimi," alisema Kheri.

"Nilikukosea?"

"Hapana."

"Kwa nini, basi?"

Kheri alitafuta maneno, yeye, kwenye ghala lake lote la maneno, akapata matatu tu. "Ili iwe nyepesi."

Mdomo wa Warda ulitabasamu, tabasamu la upande mmoja ambalo halikuwa lake. "Nyepesi," ilisema ile sauti, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. Halafu akashusha pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua cha mwanamke kinavyoweza kubeba, na pumzi hiyo ikapita juu ya mkeka ikiusukuma moshi mbele yake, moshi ukaingia kwenye mianya ya laptopu kama maji yanayoingia shimoni, feni ikakatika, na chumba kikabaki na mlio wa kuku wa jirani tu. Warda alilala ubavu mikononi mwa Bi Shutu, na kanga ilikuwa imelala bapa juu ya tumbo lake.

Kheri aliomba ruhusa moja. Aliomba alibane faili, mara moja tu, ajue. Bi Jumwa alikunja uso lakini akakubali. Akachagua zip, akasubiri. Mia saba. Halikupungua hata punje. Kheri akaweka paji la uso sakafuni akalia.

"Umeona," alisema Bi Jumwa akikusanya vitambaa. "Sasa mwache. Mfukizie Alhamisi, mwekee mahali palipotulia, na usimjaribu tena. Mwungwana hagongewi mlango kila mara aulizwe kama yumo."

Kheri alilihamishia faili kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, akaifunga vitambaa vitatu vipya, akaiweka juu ya kabati. Alhamisi Warda alifukiza, moshi ukapanda wima. Kiti cha tatu kikapoa, wateja wakarudi.

Lau Kheri angekuwa mtu mwingine hadithi ingeishia hapo. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna mwenye makumbusho yoyote aliyekuwa nacho, na mdomo ulikuwa umeanza kumwasha. Akamwambia Nzai. Nzai akasema ni uongo. Kheri akaishusha diski, akalibana faili mbele yake: mia saba. Wakashikana mikono kwa kicheko cha hofu. Baadaye akaja mwingine, akamwonyesha. Kisha akazoea kulijaribu peke yake, Warda akiwa kisimani, zip leo, rar kesho, seven zip siku nyingine, si kwa ubaya, kwa kutaka tu kuhakikisha, kama mtu anayebonyeza jino linalouma. Mia saba. Mia saba. Na kila mara feni ilihema kwa nguvu zaidi, na kila mara kulibaki harufu kidogo ya plastiki, ambayo Kheri aliipulizia manukato.

Kabla ya mavuno Warda akapata mimba, ya kweli hii. Alitapika vizuri, akatamani udongo, na dada wa zahanati, kwenye mashine mpya, akawaonyesha kichwa, uti wa mgongo, na moyo mdogo unaopiga mbio. Kheri alitoka pale akampa kila aliyekutana naye mkono tu.

Adhuhuri moja, Warda amelala chumbani kwa ajili ya joto, Kheri alishusha diski kabatini. Vitambaa vilionekana vimelegea. Alijiambia ni mara ya mwisho, na kwa kuwa ni ya mwisho akachagua zip, ile ya kila mtu. Akabonyeza. Safari hii feni haikuhema. Ule mstari wa kijani ulikimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kikwazo, kama mtu anayepita nyumba yenye milango wazi, ukamaliza kabla hajavuta kiti.

Themanini.

Akalifungua kwa ile programu ya namba. Sifuri. Akashuka, sifuri, akashuka zaidi, sifuri mpaka ukingoni, safi, zimefagiwa.

Kutoka chumbani ilikuja filimbi ndogo, inavumishwa kwa midomo iliyofumbwa. Kheri alinyanyuka. Alikwenda akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akamwita mkewe kwa sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Mtoto anacheza?"

Warda alifumbua macho, akaweka kiganja tumboni, akasikiliza.

"Hachezi," alisema. "Anatembea tu. Anakwenda upande huu, anagusa, anageuka. Kama mtu anayekagua nyumba."